Safari ya Kambove Iliyotangazwa kama Msiba

Kalenga Gérard alikuwa jirani yangu kwa miaka mingi katika sité ya Albert, mtaa wa watu weusi wa Élisabethville, ile ambayo watu wanaiita Kamalondo. Niseme wazi tangu mwanzo: sijamwona tena mtu mwenye mwandiko mzuri kama wake, wala mtu aliyejiharibia nyumba kwa mwandiko huo huo. Namwita mjinga kwa sababu nilimpenda. Wajinga nisiowapenda siwapotezei wino.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani katika depo moja ya vitambaa, mjini, upande wa Wazungu. Alitoka asubuhi na shati jeupe na kravati shingoni, baiskeli yake iking'aa kama ya askofu. Lakini sité nzima ilimjua kwa kazi nyingine, ambayo malipo yake yalikuwa kuku mmoja au asante tu. Mtu akifa, jamaa zake walikwenda kwa Kalenga. Yeye alitandaza karatasi kubwa mezani, akachukua rula, akapiga mstari mnene mweusi pande zote nne, akachora msalaba juu, kisha akaandika kwa wino wa zambarau nani amefariki, alizaliwa wapi, aliishi vipi na watu, na kilio kiko barabara gani. Karatasi hiyo ilipigiliwa misumari kwenye nguzo ya mlango wa soko. Wanawake wasiojua kusoma hawakuwa na haja ya kusomewa. Wakiona ule mstari mweusi walikuwa wamekwisha kufunga vitambaa kiunoni na kuanza kuuliza njia.

Alianza kwa mtoto wake mwenyewe. Claudine alikufa kwa surua, akiwa bado hajafika umri wa kwenda shule, na Kalenga, kwa kuwa hakuweza kulia mbele ya watu, aliandika. Karatasi ile ilikuwa nzuri mno. Watu wazima walisimama sokoni wakaisoma kwa sauti na kujifuta macho, na wiki iliyofuata mtu mwingine alipofiwa, alikuja kuomba aandikiwe "sawa ile ya mutoto." Kalenga hakuweza kumkatalia. Basi ikawa hivyo, kifo kwa kifo, kila mara maneno yale yale: aliishi vizuri na kila mtu, hakumkosea mtu, wote waliomjua wanaombwa kufika.

Sasa mfikirie mke wake. Adolphine alikuwa mtu wa Kambove, mwanamke wa kucheka, na alipocheka kweli alipiga mapaja hadi kuku wangu wakakimbia. Nyumba zetu zilikuwa na ukuta mmoja, kwa hiyo kicheko chake nilikijua kuliko cha dada zangu. Baada ya Claudine kilikatika. Angewezaje kucheka? Kila jioni watu wenye macho mekundu walikaa kwenye viti vyake, na mumewe akasoma kwa sauti yale aliyoyaandika ili jamaa wakubali. Na yeye jikoni aliyasikia maneno ya mtoto wake yakigawiwa kwa mafundi, kwa walevi na kwa bibi za watu, kama nguo za marehemu.

Siku moja tulikuwa uani, mimi na yeye, tunatwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja, Kalenga alipotoka na karatasi mkononi. Adolphine aliweka mchi chini.

"Baba Claudine, miye minachoka," alisema. "Kila muntu anakufa mu Élisabethville anapita kwanza mu nyumba yangu."

"Bantu banakuja na machozi, Mama Claudine. Nibafukuze?"

"Apana kufukuza. Andika kintu ingine. Hata moja tu ya furaha, nisikie. Kama hauwezi, minarudia kwetu."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana niliogopa. Mwanamke akipiga kelele bado yuko nyumbani. Akisema taratibu, amekwisha kufunga mzigo moyoni. Kalenga aliitazama karatasi yake, akamtazama mkewe, akarudi ndani. Nadhani alijua kama nilivyojua mimi.

Bahati ikaja ikiwa imevaa kaptula. Mbelgiji mmoja, Bwana Lambrecht, alikuwa na ofisi ndogo mjini na basi moja la kutembeza Wazungu siku za Jumapili: kutazama machimbo, maporomoko, ziwa. Mwaka ule alikuwa amegundua kwamba hata watu weusi wenye kravati, makarani, wauguzi, walimu, wanapenda kutembea na kula chakula chini ya miti. Alitaka tangazo la Kiswahili kwa ajili ya safari ya Kambove. Aliuliza ni nani anayeandika vizuri kuliko wote katika sité, na kila aliyeulizwa alijibu jina moja. Kalenga alipewa kazi, pamoja na nafasi ya bure kwa yeye na mkewe. Kambove! Kwa kina Adolphine, ambako mama yake mzazi alikuwa bado anaishi. Nilimsikia Adolphine upande wa pili wa ukuta akiimba wakati anaosha sahani, na nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kaptula ya Bwana Lambrecht.

Kalenga aliandika kwa siku kadhaa. Alipomaliza alituita sote wawili, akasimama, akakohoa, akasoma:

"Kwa masikitiko na matumaini, Bwana Lambrecht na jamaa yake yote wanawajulisha ndugu, marafiki na majirani, wa karibu na wa mbali, kwamba safari ya Kambove itafanyika Jumapili. Kambove ilizaliwa zamani katika milima yenye shaba. Iliishi vizuri na kila mtu. Haikumkosea mtu. Wote walioijua wanaombwa kufika mapema ili kuitazama. Baada ya kula, jamaa watatawanyika kwa utulivu."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kalenga aliniangalia kwa mshangao wa kweli. Hakuona kosa liko wapi.

"Mama Mwansa, unacheka nini?"

"Nacheka marehemu Kambove," nikamwambia. "Atazikwa saa ngapi?"

Adolphine hakucheka, ila hakukasirika pia. Alisema tu, "Toa masikitiko, Baba Claudine. Weka furaha." Alikuwa bado anamsaidia, mnaona. Alikuwa bado anataka aweze. Mumewe aliketi, akakata, akaandika upya, akasimama tena:

"Kwa furaha kubwa iliyotupata ghafla. Furaha hii hatukuitarajia, lakini nani awezaye kupinga mapenzi ya Mungu?"

Hapo hata Adolphine midomo ilimcheza. "Afazali," alisema, akapeleka uso pembeni. Kalenga alichukua neno hilo moja kama mtu aliyepewa medali. Akachukua karatasi kubwa, akanakili kwa wino wa zambarau. Msalaba hakuuchora, hilo alilifikiria. Lakini mkono wake ulichukua rula wenyewe na kupiga mstari mnene mweusi pande zote nne, kwa sababu kwake yeye tangazo lisilo na mstari lilikuwa kama nyumba isiyo na kuta. Mimi sikuwapo alipoupiga. Asubuhi yake aliipigilia karatasi kwenye nguzo ya soko akiwa njiani kwenda depo, akapiga kengele ya baiskeli kwa furaha na kwenda zake.

Wa kwanza kuiona alikuwa Mama Delphine, muuza samaki, ambaye hajui kusoma lakini anajua kulia kuliko wote. Aliona mstari mweusi. Alimwuliza kijana mmoja aliyekuwa anapita haraka imeandikwa nini, na kijana akasoma maneno mawili makubwa ya katikati: KAMBOVE, JUMAPILI. Ilitosha. Kambove ni mji wa machimbo. Karatasi ya Kalenga ilikuwa na jina la mtu siku zote, na leo ilikuwa na jina la mji mzima. Mama Delphine aliweka mikono kichwani.

"Mugodi inaanguka ku Kambove! Bantu banaisha!"

Soko lilipiga yowe. Wenye ndugu kule walikimbia huku na huku, wengine walikaa chini katikati ya nyanya za watu. Mtu mwingine alisoma jina la Lambrecht, basi wakajua ni yeye mfiwa. Wanawake wakachukua kuni, wakachukua bunga la ugali, wakapanda mjini wakiwa kundi zima, wakaketi chini kwenye baraza la ofisi yake, wakamlilia. Bwana Lambrecht alitoka na kikombe cha kahawa. Mama Delphine alimkumbatia magoti, akamwambia avumilie, Mungu ndiye aliyetoa. Yule Mzungu masikini alifikiri labda kweli amefiwa na mtu, akaanza kuuliza ni nani. Mambo hayakutulia mpaka karani wake alipokwenda sokoni kuisoma karatasi yote, akarudi akiwa amejishika tumbo.

Sité ilicheka mwezi mzima. Makarani walipokutana njiani walipeana mikono kwa huzuni na kusema, "Pole kwa furaha iliyokupata ghafla." Ningecheka nao mpaka leo, kama si jambo moja.

Adolphine alikuwa sokoni asubuhi ile. Alikuwa amekwenda kununua chumvi. Aliusikia mlio, akauona mstari mweusi wa mumewe, akasikia watu wanalia "Kambove, Kambove," na hakukumbuka safari wala basi wala furaha. Alimkumbuka mama yake. Nilimkuta anakimbia barabarani bila kitambaa kichwani, kiatu kimoja, akiita mama, mama, kama mtoto. Nilimshika kwa nguvu. Nilimwambia ni tangazo la safari, ni lile lile tulilosikia nyumbani, hakuna aliyekufa. Ilichukua muda mrefu kabla macho yake hayajaniona. Kisha akaketi kizingitini kwangu, na chumvi ikawa imemwagika yote njiani.

Kalenga aliporudi alipiga magoti. Mwanaume wa kravati, mbele yangu, alipiga magoti. Alisema ni rula, ni mkono tu, hakuwaza. Adolphine alimwambia ainuke.

"Minajua haukuwaza," alisema. "Ndjo ile inaniogopesha."

Basi lilijaa. Kwa sababu ya kicheko, kila mtu alitaka kwenda kuiona hiyo Kambove isiyomkosea mtu, na Bwana Lambrecht, ambaye alikuwa mtu wa biashara kuliko kuwa mtu wa hasira, alimpongeza Kalenga. Mimi na mume wangu tulikwenda pia. Tulitoka alfajiri, tukapita Jadotville, tukafika vumbi limetufanya wote kuwa kabila moja. Kalenga alitembea mbele na kofia yake, akiwaonyesha watu shimo kubwa la zamani na kueleza mambo ya shaba, na kwa kweli alieleza vizuri. Alimtazama mkewe mara kwa mara aone kama anafurahi.

Mama yake Adolphine alikuja kutulaki, kibibi kidogo kilichokauka, kimebeba kinywaji cha munkoyo katika kibuyu. Adolphine alimshika na hakumwachia. Tulikula, tukacheza, watu wakaimba. Yeye alikaa na mkono wake juu ya goti la mama yake. Halafu kibibi kikasema neno fulani kwa lugha ya kwao, na Adolphine akacheka. Akapiga mapaja. Nilikuwa sijasikia sauti ile tangu Claudine alipozikwa. Kalenga naye aliisikia, akageuka, na uso wake ukawa wazi kabisa, wa mtu aliyeona njia.

Dereva, Paulin, alipopiga honi, tulipanda wote. Adolphine alibaki chini.

"Panda, Mama Claudine," Kalenga alisema mlangoni.

"Miye nabakia kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Enda, Baba Claudine. Bantu banakungojea."

Kalenga aliketi na kuweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni ili mtu asikae. Njia nzima vijana waliimba maneno ya tangazo lake, jamaa watatawanyika kwa utulivu, na kila mara waligeuka kumtazama, naye kila mara akacheka nao. Nilitamani kumpiga mtu kofi, ila sikujua nimchague yupi.

Kidogo ile haikuisha. Kalenga hakumtuma mtu kumwita, wala hakwenda kwa wakwe kudai mke. Alifanya jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelifikiria: aliamua kujifunza. Wafiwa walipobisha hodi aliwaambia hataandika tena, na wengine walimtukana, wakasema amepanda kichwa tangu atembee na Mzungu. Alivumilia. Jioni alikaa peke yake na kuandika matangazo ya safari ambazo hakuna aliyemwagiza, kisha akaniletea nisikilize.

Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Alisoma, "Maporomoko ya Lofoi ni maji mengi sana, na mpaka leo hayajambo." Nikamwambia atoe hayajambo, maji hayaugui. Alisoma, "Ziwa hili bado lipo, kwa neema ya Mungu." Nikamwambia aliache ziwa, halikuwa linakwenda popote. Alisoma habari ya mlima "ulioacha vilima vingi." Nilicheka, nikamsahihisha, nikamfukuza, na kesho yake alirudi. Msimu wa mvua ukaja, ukapita. Polepole kifo kilianza kumtoka mkononi. Siku moja aliniletea karatasi ndogo isiyo na mstari wowote, akasoma kwa sauti ya chini:

"Gari linatoka Kambove asubuhi. Njiani wanauza asali na uyoga. Mchana kuna kivuli nyuma ya nyumba, na jirani mwenye kelele anaazima kinu bila kuombwa. Anayependa kuja, aje. Mlango hauna kufuli."

Sikucheka. Nilimwambia mwandiko wake umepona, ampelekee mwenyewe, amsomee kwa mdomo wake, leo si kesho. Nilimpigia pasi shati. Nilimfunga kravati kwa mikono yangu. Nilifurahi kama mtu anayemwoza binti yake.

Alirudi jioni ya siku ya pili, peke yake, akaketi kwenye benchi langu bila kuvua kofia. Nikamwuliza imekuwaje.

Alisema alimkuta Adolphine uani kwa mama yake, amenenepa, anaanika muhogo na wanawake wenzake, na kabla hajamwona alikuwa anacheka. Kalenga alisimama kwenye njia, akasema hodi. Adolphine aliinua macho. Akauona uso wa mumewe, shati, kravati, na ungo ukamtoka mkononi.

"Nani alikufa?"

"Hakuna, Mama Claudine. Nakuja kukuona."

"Niambie tu. Ni Mama Mwansa? Ni yeye?"

"Mama Mwansa iko muzima. Anakusalimia."

"Kama iko muzima, weye unafuata nini huku na kravati?"

Majirani wa Kambove walikuwa wamekwisha kujaa uani, mikono kichwani. Kalenga aliona hakuna njia ila kumsomea. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi. Adolphine alipoiona aliziba masikio yake yote mawili, akapiga kelele, apana soma, apana soma, akaketi chini kwenye mihogo. Alilia akiita jina langu. Alisema nilimshika siku ile barabarani, nilikuwa mtu mwema, nilimwazima kinu. Kalenga alikunja karatasi akairudisha mfukoni.

"Na haukumwambia mara ya pili kwamba mimi ni mzima?" nilimwuliza. Hasira ilinipanda, na machozi pia, vyote pamoja. "Haukumwambia kwamba ulikuja kumrudisha nyumbani?"

"Nilimuambia yote. Nilimuambia mpaka bisi ya kurudia ikakuja, naye hakuamini."

"Naye akasema nini?"

Kalenga alitazama mikono yake.

"Anasema, 'Weye, Baba Claudine, unajuaka sana kufariji bantu.'"